Saa Nzima Bila Neno

Mjomba wangu ana sauti. Lazima nianze na hilo, vinginevyo hutanielewa. Mtaa mzima unamwita Sauti, hata watoto wake, hata mama yangu ambaye ni dada yake na amembeba mgongoni. Anakodisha vyombo vya muziki: spika, amplifaya, maiki, jenereta, na yeye mwenyewe. Ukimkodi unapata vyote kwa pamoja, hawezi kubaki nyumbani. Akishika maiki anapaza, "Ni sisi! Nani mwingine?" watu wanaitikia, basi shughuli imeanza. Halafu kuna miksi zake, zile anazowagawia madereva na wenye saluni na wauza maduka bure ili wamkumbuke wakiwa na shughuli. Zote zina ule ukelele. Mwimbaji yuko katikati ya kulia kuachwa, maskini ya Mungu, ghafla "Ni sisi!" Hata pumzi hajavuta.

Mimi nilimaliza shule mwaka jana. Matokeo yalipotoka mama aliyasoma mara mbili, akampigia mdogo wake simu. Wiki hiyohiyo nikawa mbeba spika. Sikulalamika. Spika ni nzito lakini ile hesabu ya mtihani ilikuwa nzito zaidi. Baadaye mjomba akanikabidhi ufunguo wa stoo na kompyuta ya kupangia muziki, akatangaza mbele ya watu kwamba huyu ndiye atakayeshika kazi yeye akichoka. Mama alifurahi mpaka akanunua mapazia mapya.

Sasa, mimi nina muziki wangu. Tekno, lakini siyo ile ya vurugu. Ni ile ya vitu vichache. Kuna ngoma moja, pu, pu, pu, haichoki. Juu yake kuna kitu kama mtu anapekecha mchanga kwa vidole. Halafu kinaingia kimlio kimoja, ti, kinatoka. Basi. Ukisikiliza kidogo unasema huyu ananitania. Ukivumilia, masikio yanafunguka. Ile ti ikisogea kidogo tu unashtuka, kama mtu kahamisha kiti ndani ya nyumba yako. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Shuleni niliwahi kujaribu, nikaitwa Saa ya Ukutani mpaka tunaagana.

Nikaamua nitengeneze albamu. Miksi moja ndefu, kama saa nzima, bila kukatika. Nyimbo nilizitoa kwa vijana wa huku na huko ambao siwajui hata kwa sura, wanazitengeneza vyumbani mwao na kuzitoa bure mtandaoni. Niliwaandikia mmoja mmoja, wakakubali. Miezi nilikuwa naziunga pale stoo, kati ya kazi na kazi, nimekaa juu ya boksi la spika. Kuunga kwenyewe ni hivi: ngoma ya wimbo unaokuja unaitembeza chini ya ngoma ya wimbo unaoondoka, zikanyage pamoja, halafu ile ya zamani unaiachia taratibu, mtu asijue lini imetoka. Kama hujui, utasema ni wimbo mmoja. Kama unajua, utasema huyu kijana ana subira. Na mimi subira sina, muulize mama. Ninayo hapo tu.

Katikati niliondoa kila kitu. Ngoma nje, mchanga nje, nikaacha ti peke yake. Kwa muda mrefu, mpaka mtu anaanza kujiuliza kuna nini. Halafu ngoma inarudi. Albamu ni pale. Huko kwingine kote ni njia ya kufika pale.

Siku ya kwanza kuipiga mbele za watu ilikuwa ufunguzi wa duka la fanicha. Tulifika asubuhi, wageni bado, mwenye duka anafuta vumbi makochi yaliyo ndani ya nailoni. Mjomba yuko nje anagombana na jenereta. Nikaona nafasi yangu ndiyo hii, nikaiwasha albamu kwa umeme wa duka. Ilijaa mle dukani vizuri ajabu, milango ya makabati ikawa inatetemeka. Nikakaa kwenye kochi, nailoni ikalia, nikafumba macho.

Mjomba akaingia mbio, bisibisi mdomoni. Hakuniuliza kitu. Alichomoa jeki ya kwanza, ile pini ya waya, akaitazama, akairudisha. Pu, pu, pu. Akachomoa ya pili, akaipuliza, akaifuta na shati. Akazunguka nyuma ya spika akaipiga kofi la mgongo kama unavyompiga mtu aliyepaliwa. Mwenye duka naye akaacha vumbi lake akaja kusaidia, akashauri waya ugeuzwe. Walipoanza kufungua mgongo wa amplifaya ndipo nikaona niseme.

"Mjomba, haijakwama."

Akatoa bisibisi mdomoni. "Imekwama. Inarudia palepale."

"Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo mpaka lini?"

Nikamwambia kama saa nzima hivi. Mwenye duka alicheka mpaka akaenda kukaa. Mjomba hakucheka. Alinitazama kama anavyoitazama spika inayotoa moshi, akaweka muziki mwingine, akashika maiki.

Lakini mjomba si mtu wa roho mbaya. Tunarudi, vyombo viko nyuma ya gari, akasema amemwona yule mwenye duka anacheka huku mguu unapiga chini. Wateja siku hizi wanataka kitu kipya. Hii tutaitoa, akasema, ila ngoja niimalizie. Nikamwambia imeshamalizika. Akaitikia ndiyo, ndiyo, vile unavyomwitikia mgonjwa anayesema anataka kwenda kulima.

Dada yangu ni msusi. Anasuka kwenye saluni ya mama mmoja tunamwita Mama Kitana, kwa sababu kitana kinakaa kichwani mwake hata msibani. Mjomba aliwaazima spika ndogo, nao wanapiga miksi zake. Nilikuwa nimewapelekea ile yangu, safi kama nilivyoitoa, na kwa wiki nzima hawakupiga nyingine. Dada aliniambia sababu, na ni sababu ya kazi. Ukisuka vile vidogovidogo, nyimbo za kuimba zinakuharibia. Kila mtu anaimba, mkono unasimama, halafu unaanza ugomvi kama mwimbaji ameachwa au yeye ndiye aliyeacha. Huu wangu unaupa mkono mwendo, ukija kushtuka kichwa kimeisha. Mama Kitana alisema kwa namna yake. "Huu muziki haunisemeshi," aliniambia, nywele ziko katikati ya meno. "Wateja wote hawa wananisemesha. Wewe umeninyamazia. Ubarikiwe."

Hakuna mtu aliyewahi kunisifia kitu hivyo. Nilitembea mpaka nyumbani bila kusikia magari.

Wiki iliyofuata mjomba akasambaza flashi mpya. Ya saluni ilipelekwa na dereva wake. Nilikuwepo, nimeenda kumpelekea dada chakula. Wakaichomeka, nikasikia ngoma yangu, nikajua ni ileile, nikatabasamu peke yangu kama mwehu. Mama Kitana alikuwa na kichwa cha mwalimu mmoja wa chekechea, amefika nusu, upande mmoja umesukwa na mwingine uko kama kichaka. Ikafika katikati. Ngoma ikatoka. Mchanga ukatoka. Ikabaki ti. Nikaona mikono yao wote inapunguza kasi pamoja, na hawajui kama wanapunguza. Nikashusha pumzi.

"Ni sisi! Nani mwingine?"

Mama Kitana aliruka. Mkono ukaruka naye, na mkononi alikuwa ameshika nywele za mwalimu. Mwalimu alitoa sauti ambayo watoto wa chekechea hawajawahi kuisikia. Na mjomba hakuishia hapo, aliendelea kutaja namba yake ya simu, akataja jenereta, akataja viti na maturubai ambayo hata hatuna. Ngoma iliporudi, hakuna aliyeisikia ikirudi. Walikuwa wanamtafutia mwalimu maji.

Nilikwenda stoo kwa miguu, haraka. Mjomba alikuwa anaviringisha waya.

"Umeongea juu ya kazi yangu," nikamwambia.

"Nimeimalizia, nilikwambia."

"Pale katikati, mjomba. Hata kama ungeongea kwingine kote, pale?"

"Kwingine kulikuwa na kelele zako. Pale palikuwa patupu, nikapajaza. Nimekuokoa."

"Pale ndipo penyewe."

Akaacha waya. Akaniambia kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionikera, kwamba yeye alianza na spika moja ya kuazima. Miksi zake za kwanza watu walizichukua wakaziita zao, kwa sababu alikuwa amenyamaza humo ndani kama mimi. Tangu siku aliyoanza kupaza sauti hakuibiwa tena. Usipoongea, nani atajua ni yako? Nikamjibu, atakayejua atajua. Akauliza, na asiyejua? Nikamwambia atasikiliza hivyohivyo. Hapo nikapandisha sauti, naye ana sauti kuliko mimi, majirani wakatoka. Nikamwambia flashi zote azirudishe. Akasema hazirudi. Akaongeza kwamba albamu inayofuata ataongea tangu mwanzo, ili nizoee.

Jioni hiyohiyo alikuwa ameketi kwa mama. Kikao kikawa pale sebuleni, chini ya mapazia mapya: mama, mjomba, dada, na mimi kwenye kigoda. Mjomba alieleza kila kitu bila kunisingizia hata kimoja, hiyo sifa nampa. Anataka mambo mawili. Niombe radhi kwa kumkoromea mbele za watu. Na kila kitakachotoka stoo kwake kitoke na sauti yake, yangu ikiwemo. Kama sitaki, nirudishe ufunguo.

Mama akataka kwanza kuisikia hiyo albamu. Dada akaiweka kwenye simu, ile safi. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anasikiliza tumbo la mtoto. Mjomba alikohoa kila mara, sidhani alikuwa na kikohozi, nadhani ni zile nafasi tupu za muziki zilikuwa zinamwita. Mwisho mama akasema kwake yeye hiyo ni bomba lisilofungwa vizuri. Halafu akamgeukia mdogo wake akamuuliza kama mimi nilimwomba aongee humo. Mjomba akasema huyu ni mtoto. Mama akasema hakuuliza umri.

Nilidhani nimepona. Lakini akanigeukia mimi. "Mwanangu, omba radhi yaishe. Kazi nyingine utaitoa wapi?"

Hilo swali lilinikaa, sitakudanganya. Sina cheti cha maana. Sina kompyuta. Mama mwenyewe alikuwa ameanza kuwaambia watu kanisani kwamba mwanawe ni meneja. Nilimtazama mjomba, nikaona hana wasiwasi, ameshajua nitasema nini. Nadhani ndicho kilichoniamulia.

"Kukukoromea, nisamehe mjomba, nilikosa adabu," nikamwambia. "Albamu siiombei radhi. Siku ukiniomba nikuachie nafasi ya kuongea, nitakutengenezea miksi ya kuongea mpaka uchoke. Hii hapana."

Nikauweka ufunguo mezani, kati ya vikombe. Mjomba aliutazama. Alikuwa na mdomo wazi na hakuna kilichotoka, na mimi tangu nizaliwe sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo. Mama akaanza kukusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Siku mbili baadaye alikuja saluni kuchukua spika yake. Haki yake. Nilikuwepo, namchambulia dada nywele bandia, maana ndiyo kazi niliyopata, na usicheke. Muziki ulikuwa wangu, ule safi, umefika karibu na katikati. Mjomba akasalimia wote, akachomoa waya, akaikumbatia spika. Muziki ukakatika. Wateja wakamtazama yeye, halafu mimi.

Mama Kitana aliacha kichwa alichokuwa anasuka. Alichukua simu ya dada, akarudisha albamu pale ilipoishia, akaitumbukiza simu kwenye beseni tupu la kuoshea nywele, akaendelea kusuka. Beseni likaikuza ile sauti, nyembamba, ya bati. Besi hakuna. Ngoma ilisikika kama mtu anagonga mlango kwa kucha. Ilinitia uchungu, nilivyohangaika na ile ngoma. Lakini ilikuwa inatembea.

Mjomba alisimama mlangoni, spika kifuani, hatoki. Mchanga ukaondoka. Ngoma ikaondoka. Ikabaki ti, ndani ya beseni. Nikaona kifua chake kinajaa, kama mtu anayeitwa jina. Mwalimu wa chekechea, amekuja kurekebishiwa ule upande, akashika kichwa chake kwa mikono miwili akamkazia macho.

"Mjomba," nikasema, "subiri."

Akasubiri. Sijui kama ni kwa ajili yangu au ya mwalimu. Ngoma ikarudi, dhaifu vile, na vidole vya Mama Kitana vikashika mwendo.

"Ndicho hicho tu?" akaniuliza.

"Ndicho hicho."

Akatikisa kichwa, akasema nitarudi tu, njaa itanirudisha, stoo naijua ilipo. Alisema bila hasira. Nikamwambia nikirudi nitarudi kubeba spika, na albamu haitarudi na mimi. Akaenda zake. Tulimsikia huko nje anasalimia mtaa mzima.

Tangu hapo ziko mbili. Yake iko madukani na kwenye magari, na wapo wanaoipenda kuliko yangu, nimeshawasikia wakiitikia pale katikati kwa furaha kabisa. Waipende. Yangu natuma kwenye simu ya anayeitaka, nzima, bila jina, bila namba. Mteja mmoja aliniuliza hiyo miksi ni ya nani, nikamwambia akae, bado inaendelea, nikachukua fungu jingine la nywele.