Simba Chini ya Dungu

Matrekta yalipoanza kuangusha msitu karibu na Nachingwea, wanyama walitawanyika. Mikidadi, aliyekuwa kibarua huko, alimsimulia mkewe Mwamini jinsi mnyororo mnene ulivyokokotwa na matrekta ukang'oa miti, ili wazungu wapate pa kulima karanga. Swala wengine waliliwa na vibarua kambini, wengine walikimbilia mbali. Nguruwe pori, waliokosa mizizi ya kufukua, waliingia mashamba ya kijiji chao cha Mkotokuyana. Na simba, waliozoea kuishi kwa nyama ya swala na nguruwe hao, wakawafuata. Walikuwa wamekwisha kumchukua mzee Dastani kisimani.

Hata hivyo mtama haukuweza kuachwa bila mlinzi. Mwamini alishinda juu ya dungu, kibanda cha nyasi kilichoinuliwa kwa nguzo katikati ya shamba, akiwa na debe la kufukuzia nguruwe na kigae cha makaa. Alasiri moja nguruwe walichomoka mtamani, wakapita mbio. Akanyanyua debe alipige, mkono ukamganda. Nyuma yao alitoka simba jike, mbavu zote nje. Nguruwe walikuwa wamemshinda mbio. Akanusa nguzo za dungu, kisha akajilaza kivulini, chini ya miguu ya Mwamini.

Mwamini aliogopa hata kumeza mate. Katika mianya ya fito aliiona ngozi ile ikipanda na kushuka. Ndipo alipokumbuka kwamba saa hizo wifi yake Sofia humletea mwanawe Biasha anyonye. Akipiga debe, Sofia atadhani ni nguruwe, atakuja mbio kusaidia. Akinyamaza, atakuja vilevile.

Punde akamsikia Sofia njiani akimwimbia mtoto. Simba akainua kichwa.

"Wifi, rudi! Simba!"

Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mgonjwa. Sofia hakuyashika maneno, akaitika kwamba anakuja. Simba alikwisha kuinuka, ananyemelea kuelekea njiani. Mwamini akamwaga makaa kwenye nyasi za paa, akapuliza, akachomoa matita ya nyasi yanayowaka na kumrushia mnyama mbele yake. Simba akaruka nyuma akinguruma. Mngurumo huo Sofia aliusikia vizuri. Akageuka na mtoto mgongoni, mbio hadi kijijini.

Sasa dungu zima lilikuwa linawaka. Mwamini aliruka, mguu ukavunjika. Akalala pale, joto likimbabua mgongo, asithubutu kujiburuta mbali na moto, kwa kuwa hakujua simba yuko upande gani. Watu walipofika na mikuki, simba alikwisha kutoweka.

Mikidadi aliporudi alimkuta mkewe amefungwa gango mguuni. Akamtuliza, akasema kazi ya matrekta itakwisha, na wanyama nao watatulia.

"Watatulia kwa kula nini, Baba Biasha?"

Mikidadi akaanza kufungasha vyombo. Kesho yake alimpakia kwenye baiskeli, wakahamia Nandagala kwa wazazi wa Mwamini, mtama wao wakauacha umesimama. Njia nzima Mwamini alimkumbatia Biasha, akikodolea macho kila jani lililotikisika. Hata huko Nandagala, kwa muda mrefu, jua likianza kuinama alikuwa ameshaingia ndani na kukomea mlango.