Akaita Kilonzo

Elsie Kilonzo Mulongo alikuwa na jina moja la ziada, nalo lilimuudhi kuliko chunusi. Wao ni Wabukusu tangu enzi, wanakaa nyumba za reli pale Makongeni. Jina la Kikamba, tena la mwanamume, lilitoka wapi? Nyumbani jibu halikubadilika: alipozaliwa alilia siku tatu mfululizo. Wazee wakamtajia majina ya marehemu wa ukoo, kama ilivyo desturi, ili litakalomnyamazisha liwe lake. Akazidi kulia. Ndipo Kuka Opicho, babu yake, akasema, "Kilonzo," na mtoto akanyamaza, akalala. Kilonzo ni nani? Wakimuuliza, Kuka hukohoa akatoka nje.

Phares, waliyeketi naye dawati moja, hakuwa na huruma. "Niaje Kilonzo! Kwani buda, baba yako mwenyewe, ako Machakos kwa Wakamba?"

Darasa zima hucheka. Mzaha wa watu wengine hupoa. Huu ulipashwa moto kila asubuhi. Basi fomu za mtihani wa darasa la nane zilipofika, mwaka huo wa 1995, Elsie alikata shauri. Kitakachoandikwa pale kitamfuata hadi uzeeni. Akamwomba Mwalimu Wacuka alifute jina hilo.

"Utaniambia neno la mwisho mchana, kabla sijazipeleka," mwalimu akasema. "Kwanza tuna mgeni."

Mgeni alikuwa Kuka. Mwalimu alikuwa akitafuta askari wa vita vya pili vya dunia, kwa kuwa miaka hamsini ilikuwa inatimia tangu viishe. Mzee aliingia akichechemea, koti la reli mwilini, medali mbili kifuani. Elsie alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mimi sikuua mtu," Kuka alianza. Phares akaguna. "Nilibeba majeruhi kule Burma. Machela moja, watu wawili: mimi mbele, Mkamba mmoja nyuma. Lugha zetu hazikujuana, ila miguu ilijuana. Siku moja nikapigwa risasi ya paja. Akanibeba mgongoni, akanivusha mto, akanilaza, akarudi kumchukua mwingine. Sikumwona tena."

Phares akasogea mbele kwenye dawati.

"Asubuhi sajini akaita majina. Kila mtu akaitika. Akaita Kilonzo. Kimya. Akaita tena. Kimya. Hakuacha mke wala mtoto, wanangu. Kimya kile nimelala nacho miaka hamsini. Kilipungua siku moja tu, alipozaliwa mtoto mmoja aliyekataa majina yetu yote."

Elsie alihisi macho ya darasa zima yakimgeukia, na kwa mara ya kwanza hakuinamisha kichwa. Fahari ilimpanda. Kumbe alikuwa ametaka kumuua Kilonzo yule mara ya pili, kwa kalamu.

Mwalimu Wacuka alifungua rejista ya mchana, kama ilivyokuwa kawaida, akaanza kuita. Alipofika kwake akasita.

"Elsie Mulongo."

Elsie akasimama. "Mwalimu, usifute. Niite kwa lile jingine."

Mwalimu akamtazama, kisha akamtazama mzee aliyeketi karibu na mlango.

"Kilonzo!"

"Nipo!"

Kuka Opicho aliegemea ukuta, akaukaza mguu wake mbovu, akasimama wima, akapiga saluti.