Mti Langoni kwa Etelka

Asubuhi ya Mei mosi nilikuwa nampelekea mjukuu wangu Etelka mikate ya mafuta ya nguruwe, ingali moto kwenye kitambaa, nikaukuta mti umesimama langoni kwake. Mpopla mchanga, mti mrefu mwembamba, umekatwa na kuchimbiwa hapo, umebakizwa majani ya kileleni tu, umefungwa tepe na chupa ya divai.

Hapa kijijini kijana humsimamishia mti msichana anayemtaka, na mwisho wa Mei huja mwenyewe kuuangusha. Mke wa mtu hasimamishiwi. Na Etelka ana mume, Gergely, huu mwaka wa nne.

"Ni Bálint huyo," Etelka alisema, akipaza sauti mtaa mzima usikie. "Ameshindwa kunisahau, bibi." Macho yalimng'aa kama ya mwenye homa.

Bálint walipendana naye zamani, kiangazi kimoja tu. Jumamosi ya wiki ile ile alikuwa anaoa mwingine.

Jirani Rozália akachungulia juu ya ua. "Heee! Gergely mwanangu, mwenzio kapanda mti, wewe bado na vitunguu vyako!"

Gergely akaviacha vitunguu bandani, akatoka na shoka, akaupita mti. "Huu nauacha," alisema. "Namfuata mwenyewe."

Mimi nilikuwa nazishika zile tepe moja moja. Ya buluu ilikuwa na pindo la uzi mweupe, mshono mmoja umeruka karibu na ncha. Niliipinda mimi, ya nywele za Etelka, siku ya harusi yake. Nikatazama viganja vyake: vimechubuka, kucha zimejaa udongo.

Nikisema, namwaibisha mjukuu wangu. Nikinyamaza, mtoto wa watu anakatwa.

"Gergely! Rudi, baba. Mti kausimamisha mkeo."

"Bibi, nyamaza! Nakuomba nyamaza!"

Gergely akarudi, akaigeuza mikono ya mkewe, akaitazama kitambo. Kisha akaliegemeza shoka ukutani.

"Bora angekuwa yeye," alisema. "Ningejua wa kupigana naye."

Jioni alihamia kwa mama yake. Jumamosi kengele za kanisa zikalia, Bálint akaoa.

Sasa ni katikati ya Juni.

"Uangushe, mwanangu," namwambia Etelka. "Aliyeusimamisha ndiye anayeuangusha."

"Si ndiyo maana namngoja Bálint, bibi? Atakuja."

Majani yamekauka yote. Kila asubuhi anatoka na ndoo, anaumwagilia maji mti usio na mizizi. Nami namfungulia lango, maana ndoo ni nzito na mikono yake haijapona.