Kengele Iliyonyamazisha Waovu

Kila Jumamosi saa nane mchana, Kitinda ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia chumba cha nyuma cha karakana ya kaka yake. Alifagia maranda yaliyopenya chini ya mlango, akapangusa meza kubwa, akachonga penseli nne na kumimina dadu kwenye kisahani cha bati. Kisha alisimamisha ubao wake, kipande cha boksi kilichokunjwa mara tatu, ambacho alikaa nyuma yake mchana kutwa akionekana macho tu. Mwisho kabisa alivuta droo kuchukua daftari lake la kijani.

Droo ilikuwa tupu.

Alipapasa mpaka kwenye kona ya nyuma kabisa. Alipata msumari na kipande cha msasa.

"Unatafuta hili?"

Kaka yake alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la mbao limemjaa kwenye nyusi. Daftari alilishika kwa mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vitatu.

"Kaka, hilo si la kusoma."

"Nimeshasoma. Lote." Alilitupa mezani, dadu zikaruka. "Kumbe mdogo wangu una roho mbaya hivi? Mtu mpole, hata inzi humfukuzi kwa nguvu! Walinzi viziwi! Wanaongea kwa mikono, eti! Mimi nipige kengele mpaka bega lichomoke, wao wananitazama tu kama wanaangalia mvua. Halafu Malkia ananinyang'anya. Si ndivyo ulivyoandika?"

Kitinda aliinama. Alikuwa akiokota dadu moja iliyoanguka chini, akachelewa kuinuka makusudi.

Mchezo wao ulikuwa wa mezani. Haukuwa na skrini wala waya. Msimulizi mmoja hueleza dunia: mapango, ngome, waovu wanaokaa humo na hazina wanazozilinda. Wengine kila mmoja ana mhusika wake, anasema mhusika huyo anafanya nini, na pale penye shaka dadu ya pande ishirini inaamua. Ishirini ni bahati ya mwaka, moja ni aibu. Kwa miaka miwili Kitinda alikuwa msimulizi. Alikuwa msichana wa kuazimisha vitabu maktabani, mtu aliyeongea na wasomaji kwa kunyooshea kidole rafu. Nyuma ya ubao huo wa boksi, na hapo tu, alikuwa na sauti.

"Sikiliza," kaka alisema, akiinama mpaka pua yake ikakaribia ubao. "Leo Malkia wa Chumvi anakufa. Na sanduku lake nalichukua mimi, pamoja na kila kilichomo. La sivyo, Jumatatu meza hii inakwenda kwa mteja, ameshakuja mara mbili kuiulizia. Na chumba nitawekea mbao."

"Na wenzetu?"

"Wenzetu nini? Utawaambia nimesoma? Wewe?" Alicheka. "Wewe ukikanyagwa mguu unaomba radhi."

Wenzao wawili waliingia wakati huohuo, kwa hiyo hakuna lililoongezwa. Wa kwanza alikuwa muuguzi, mama wa makamo waliyemwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Mhusika wake alikuwa mtabibu aliyeponya majeraha kwa kusoma dua kwa sauti. Wa pili alikuwa mwalimu wa hesabu, Kokotoo, mtu wa kukokotoa uwezekano wa kila dadu kabla haijatua. Yeye aliigiza mchawi mzee ambaye taa yake iliwaka kwa mnong'ono. Mchawi akinong'ona, taa inawaka, akikatisha, inazima.

Kaka alikuwa shujaa. Na shujaa ndiye aliyekuwa na kengele.

Kengele hiyo ilitoka katika sanduku la tatu la Pango la Popo, mwaka mmoja na nusu uliopita, Jumamosi ya kwanza kaka kurudi mezani baada ya msumeno wa mashine kumla vidole. Siku hiyo alikaa na bandeji yake kama gogo, hakusema neno kwa saa mbili. Kitinda alirusha dadu ya hazina nyuma ya ubao, ambako hakuna aliyeiona isipokuwa yeye, akasema, "Ishirini." Kwa ishirini, sanduku hutoa kitu kikubwa. Akatoa kengele: ukiipiga, kila mwingine anayeisikia anakuwa bubu mpaka zamu yako iishe, hata uchawi wake hawezi kuutamka. Kaka aliinua kichwa. Siku hiyo alicheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali.

Wiki iliyofuata alikuja na kengele ya kweli, ya shaba, yenye mpini wa mbao aliouchonga mwenyewe kwa mkono wa kushoto. "Nikiigonga, nanyi mnanyamaza kweli," alisema, na wote walikubali, walibana midomo na kucheka kwa pua. Hata msimulizi alinyamaza. Aliruhusiwa kusema matokeo tu.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tangu hapo waovu wanne walikufa bila kusema hata "ah". Jitu la Daraja lilikuwa na hotuba ya kurasa mbili. Kitinda alikesha wiki nzima akiiandika. Kaka aligonga kengele kabla ya sentensi ya kwanza. Mganga wa Mifupa alikufa mdomo wazi. Pacha wa Moshi walikufa wakitazamana. Kila hazina iliyotoka, shujaa alikuwa wa kwanza kuifikia, na mwenzake akianza kulalamika, kengele ililia tena. Siku hizi hakuna aliyecheka kwa pua.

"Haya, tuanze," Kokotoo alisema. "Nimepiga hesabu njia nzima. Tukienda na mpango, tuna nafasi sita kwa kumi."

"Mpango ninao mimi," kaka alisema.

Kitinda alifungua daftari. Alieleza lango la mgodi wa chumvi, ngazi zinazoshuka, ubaridi, ukumbi wenye nguzo nyeupe nene kama matenki ya maji. Taa ya mchawi ilikuwa mwanga pekee. Sauti yake mwenyewe aliisikia ikipungua kwa kila sentensi. Alikuwa amekwishaamua: atampa kaka anachotaka. Malkia atatoka, kengele italia, atakufa kama wengine, na mambo yataisha.

"Kabla hatujaingia ukumbini," Sindano alisema, "mtabibu wangu anataka kuwaambia wenzake kwamba..."

Kengele ililia. Kaka hakumtazama hata usoni. Aliigonga huku akichagua dadu.

"Nimeanza zamu yangu, mama. Ongea ikiisha."

Sindano alibaki mdomo wazi kidogo. Kisha aliufunga. Akaweka penseli chini, akavuta mkoba wake magotini, akaanza kuingiza vitu kimoja kimoja: miwani, kitambaa, karatasi ya mhusika wake aliyoikunja mara nne. Karatasi hiyo haikuwahi kukunjwa kwa miaka miwili. Aliihifadhi ndani ya bahasha ngumu kama cheti.

Zamu ilipoisha alisema kwa upole, "Namaliza ya leo tu. Jumamosi zijazo nina zamu za hospitali."

Kila mtu alijua Jumamosi hana zamu. Kokotoo alitazama dari. Na Kitinda aliona wazi kwamba meza ilikuwa inauzwa hata mteja asipokuja.

Akalifunga daftari la kijani.

"Malkia anatoka nyuma ya nguzo," alisema.

"Na walinzi wangapi?" Kokotoo aliuliza.

"Yuko peke yake. Hana fimbo. Hana uchawi wowote. Ana kisu kidogo cha kukatia kamba. Muda wote huu ameletewa habari za waliokufa mbele ya kengele, na amewaza sana. Hajasema neno. Anamtazama shujaa, anatabasamu."

Kaka alimkazia macho juu ya ubao. Hakuielewa sura ya mdogo wake, lakini Malkia mpweke mwenye kisu cha kamba alimwelewa vizuri. Aliona ametiiwa.

"Safi. Napiga kengele, namrukia."

Kengele ililia. Kokotoo na Sindano wakafunga midomo.

"Taa imezimika," Kitinda alisema.

"Nini?"

"Mchawi hawezi kunong'ona. Ni giza. Malkia alizaliwa humu mgodini, hahitaji taa. Rusha dadu."

Dadu ilisema nne. "Umekata nguzo. Amekuchoma begani. Umebakiwa na nguvu kumi na moja, zikifika sifuri umekufa."

Zamu ilipoisha taa iliwaka tena, na Malkia alikuwa palepale, kisu kinachuruzika. Kokotoo aliegemea mbele, macho yanang'aa. "Usiipige tena! Mwache mtabibu akutibu, mimi nashikilia taa. Sote watatu kwa mmoja, ni nafasi tisa kwa kumi!"

"Sihitaji watatu." Kengele ililia.

Giza. Dadu ilisema saba. "Mgongoni. Zimebaki sita."

Sindano alikuwa amesahau mkoba wake. Aliinua kidole, akaonyesha mdomo wake, akaonyesha jeraha lisiloonekana begani kwa kaka, kisha akatandaza mikono: nifanyeje? Kaka alimwona. Akaipiga tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba shaba yenyewe ndiyo iliyomkosea.

"Pajani. Zimebaki mbili," Kitinda alisema. "Malkia hakuleta jeshi. Anakusubiri tu uipige."

Kaka alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Haya hayakuandikwa! Walinzi viziwi wako wapi? Ukurasa wa arobaini umeandika walinzi viziwi!"

Nje mtu alipita na mkokoteni, magurudumu yakilia.

"Umejuaje kuna walinzi viziwi?" Kokotoo aliuliza taratibu.

"Ulisoma daftari lake?" Sindano alisema. "Mtu mzima na ndevu zako? Unaiba mtihani wa mdogo wako?"

"Amebadilisha! Huyu ananionea! Ananionea kwenye meza yangu, ndani ya..."

"Mkuki kwa nguruwe, siyo?" Sindano alisema. "Sisi tumechomwa nao mwaka mzima."

Kaka aliinua kengele na kuipiga. Hakuna zamu iliyokuwa inaanza. Aliipiga usoni kwa Sindano, akaipiga usoni kwa Kokotoo, akageuka akaipiga juu ya ubao wa boksi, mara tatu, mara nne, mpaka vikombe vikatikisika kwenye rafu. Na wao, kwa mazoea tu, walinyamaza. Hilo ndilo lililomuuma Kitinda kuliko kelele: walikuwa watu wazima wawili, na midomo yao ilijifunga yenyewe.

Akanyoosha mkono, akaulaza ubao mezani. Uso wake wote ulikuwa wazi. Alijiona kama mtu aliyetoka nje bila viatu.

"Dadu ilikuwa tatu," alisema.

Kengele iliendelea. Akasema tena, kwa sauti ambayo hakujua anayo.

"Dadu ilikuwa tatu, kaka!"

Mkono wa kaka ukasita. "Dadu gani?"

"Ya sanduku. Pango la Popo. Mimi nilisema ishirini. Ilikuwa tatu. Kwa tatu ulitakiwa upate kamba na mishumaa."

"Muongo."

"Ulikaa hapo na bandeji yako, hukuongea. Nyumbani hukuongea. Mama alikuwa akikuwekea chakula mlangoni kama mgonjwa wa kuambukiza. Niliogopa hutaongea tena. Nikadanganya." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Na kabla ya Malkia huyu, kila mwovu niliyeandika tangu siku hiyo nilimwandika afe, kwa sababu nilikuogopa. Jitu la Daraja lilikuwa na kurasa mbili za kusema. Hakuna aliyezisikia."

Kaka alitazama kengele mkononi, mpini alioutengeneza kwa mkono asiouzoea, ulioegemea upande mmoja kidogo. Sindano hakusema kitu, wala Kokotoo, na safari hii haikuwa kwa sababu ya shaba.

"Uza meza ukitaka," Kitinda alisema. "Tutakaa sakafuni. Umebakiwa na nguvu mbili, Malkia yuko nyuma yako, na mtabibu wako yuko hapo kushoto anasubiri ruhusa ya kufungua mdomo. Nilikupa kengele ile ili uongee, kaka. Sikukupa ili sisi tunyamaze. Iweke chini."