Maili Ishirini na Tatu

Tangazo liliwekwa mtandaoni Jumatatu. Kufikia Jumatano, Ardith Haverkamp alikuwa amechomoa waya wa simu ukutani. Watu walipiga kutoka Texas, kutoka California, na mmoja hata kutoka Sweden, wote na swali lile lile: ni kweli kwamba kuna gari aina ya Pontiac GTO la mwaka 1970 limekaa bandani miaka hamsini na mbili, na limetembea maili ishirini na tatu tu?

Ilikuwa kweli. Maili hizo ndizo zilizopo kati ya duka la magari mjini Muncie na shamba la mahindi la akina Haverkamp, na aliyeziendesha alikuwa marehemu baba yake Ardith, mzee Orville. Mwenye gari, Galen, kaka yake Ardith, hakuliona kamwe. Alilinunua akiwa vitani Vietnam, kwa mshahara wake wa askari, kutoka kwa wakala aliyezunguka kambini na kitabu cha picha. Alichagua rangi ya chungwa, gia nne za mkono, na injini kubwa kuliko zote zilizokuwamo. Kisha akamwandikia dada yake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu: "Ardie, nikirudi, wewe ndiye wa kwanza kukaa mbele. Mama asubiri zamu yake."

Gari lilifika Muncie mwezi wa Agosti. Galen alikuwa na wiki tatu kaburini.

Mwenye duka alitaka kurudisha fedha, mzee Orville akakataa. Alilileta nyumbani, akaliingiza bandani, akalifunika turubai, na hakuna aliyeruhusiwa hata kufungua mlango wake. Mama hakukanyaga tena banda lile mpaka alipokufa. Mzee alilifuta vumbi kila Jumapili akitoka kanisani, miaka nenda miaka rudi, na alipofariki naye, kazi ile ikakosa mtu. Ardith hakuwa na moyo nayo.

Sasa magoti yalikuwa yamemshinda. Shamba alikwisha kuliuza, akaruhusiwa kukaa mpaka mwezi wa Mei, na chumba alikwisha kukipata katika nyumba ya wazee mjini Winchester. Gari ndilo lililobaki bila pa kwenda.

Wa kwanza kufika alikuwa Prentiss Vandermolen, mkusanyaji wa magari ya zamani kutoka Chicago. Alivaa glavu nyeupe, akalizunguka gari na kurunzi kama daktari anayemkagua mgonjwa mwenye fedha. Ardith alipoinua aproni apanguse boneti, bwana yule alimaka.

"Mama, tafadhali! Usiguse!"

"Nisiguse gari letu?"

"Hilo vumbi lina bei yake. Wanunuzi wanataka kuliona hivi hivi lilivyokutwa."

"Ungenijulisha mapema ningekuwekea debe zima," Ardith alisema. "Humu bandani sina utajiri mwingine."

Vandermolen hakucheka. Alitaja bei ambayo ingenunua nyumba mbili Winchester na chenji ikabaki.

"Utaliendesha?" Ardith aliuliza.

"Hapana, hapana. Nitalijengea chumba cha vioo. Likiongeza hata maili moja, thamani inaporomoka."

"Hata kuliwasha tu?"

"Hata kuliwasha."

Ardith alilitazama gari, akamtazama yule bwana. "Basi unataka kulizika mara ya pili," alisema, na akamwomba ampe siku ya kufikiri.

Kesho yake akaja Dewey Sprague, fundi kutoka Anderson, mtu wa makamo mwenye tumbo lililomtangulia, akiendesha gari bovu lililokohoa moshi. Hakuwa na glavu. Alikuwa na nusu andazi mkononi. Alilimaliza, akajilaza chali, akapotea chini ya gari. Alipotoka, nywele zilikuwa zimejaa utando wa buibui.

"Bi Ardith, nianze na habari njema au mbaya?"

"Mbaya. Njema zitangoja, zimezoea."

"Petroli tangini imekuwa gundi. Mabomba ya breki yameoza. Tairi zimepasuka kama visigino vyangu. Na ndani ya siti ya nyuma kuna ukoo wa panya, babu mpaka vitukuu."

"Na njema?"

"Injini inazunguka. Nimeijaribu kwa mkono. Haijafa hii." Alijifuta kwenye suruali. "Ila nikwambie ukweli. Kwangu hupati hata nusu ya fedha za yule bwana wa Chicago. Na nikishalitengeneza nitaliendesha. Gari mimi silipendi mpaka nilisikie likiunguruma."

Ardith akamweleza habari ya barua ya Galen. "Nina sharti moja. Siku litakapotoka, mimi nikae mbele."

Dewey alivua kofia. "Sasa angekaa nani mwingine?"

Waya wa simu uliporudishwa ukutani, Colleen, binti wa binamu yake Ardith, yule aliyemwekea tangazo, alipiga simu akipiga kelele. "Shangazi, umerogwa? Unajua umetupa fedha kiasi gani?"

"Ningezifanyia nini, mwanangu? Nipake kwenye mkate?"

Kazi ilichukua majira ya baridi yote. Mwishoni mwa Aprili, mahindi yakiwa hata hayajapandwa, Ardith alisikia mngurumo barabarani kabla hajaona kitu. Gari liliingia uani likiwaka rangi ya chungwa, vioo vya madirisha ya jikoni vikatetemeka. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Dewey akamfungulia mlango, akamshika kiwiko, akamketisha.

Walipita shule aliyosoma na Galen, wakapita maghala ya nafaka. Ardith alikaa wima, mkoba mapajani, akingoja. Alikuwa amengoja jambo hili tangu utoto wake, akiamini kwamba siku atakapokaa pale, kaka yake atakuwa karibu kidogo. Alijaribu kumweka kwa mawazo nyuma ya usukani: mikono yake, shingo yake iliyoungua jua. Hakuja. Galen alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja, naye Ardith alikuwa bibi wa sitini na tano. Hata sauti yake hakuikumbuka tena. Alipapasa siti, kisha akauondoa mkono. Kaka yake hakuwahi kuigusa.

"Tupige mwendo kidogo?" Dewey aliuliza.

"Piga."

Injini ikanguruma, mashamba yakakimbia, na Ardith akajikuta hana furaha wala hofu. Ukimya ndani yake ukamwelemea.

"Fungua redio basi," alisema. "Tusikie hata muziki."

"Halina redio, Bi Ardith."

"Umeitoa?"

"Halikuwahi kuwa nayo. Pale kuna kifuniko tu, cha kiwandani. Kaka yako hakuilipia. Fedha zote alizimalizia kwenye injini."

Ardith aligeuka akakitazama kile kifuniko cheusi, akaweka mkono mdomoni.

Siku ile ya Agosti alikuwa dirishani jikoni. Aliliona gari likiingia na kusimama mbele ya banda, na baba hakushuka. Alikaa ndani na injini inawaka, mikono juu ya usukani, mpaka chakula kikapoa mezani na mama akajifungia chumbani. Ardith alidhani anasikiliza redio. Mwanawe kafa, naye anasikiliza redio! Hakumwambia mtu, lakini tangu jioni ile moyo wake kwa baba uliingia baridi, na baridi ile haikutoka. Hata alipokuwa akimlisha uji hospitalini miaka ile ya mwisho, alimlisha kwa wajibu. Kumbe hapakuwa na redio ya kusikiliza.

"Nisimamishe?" Dewey aliuliza, maana alikuwa anamwona analia.

"Nipeleke makaburini."

Lilikuwa eneo dogo la makaburi ya kanisa, kando ya barabara. Ardith alishuka akijikongoja. Alilipita jiwe la Galen, lenye bendera ndogo, akasimama kwenye jiwe la baba yake, ambalo hakuwa amelitembelea tangu siku ya mazishi. Alikusudia kusema neno. Badala yake aliinama kwa shida, akang'oa magugu yaliyoziba jina la Orville, moja moja, mpaka magoti yakakataa na Dewey akaja kumwinua.

Waliporudi, Ardith alitia saini karatasi za mauzo juu ya meza ya jikoni. Dewey alisema atampitia Jumamosi moja moja kule Winchester, waende matembezi.

"Njoo," Ardith alisema, "lakini uje na lile gari lako bovu. Katika hili zamu yangu nimeimaliza."

Dewey aliondoka taratibu, akijitahidi kupunguza kelele.