Msiivishe Sweta

Maneno yalianzia kwa muuza mkaa. Alisema mtaa wa nyuma kuna nyumba imeungua kitanda na mapazia kwa ajili ya mashine ya gemu, ile ya kushika mkononi, iliyoachwa kwenye chaji siku nzima mpaka betri ikapasuka. Nikamuuliza nyumba ya nani. Hakujua, naye aliambiwa na mteja. Nikarudi na mkaa wangu, lakini maneno yale yakanifuata mpaka jikoni, kwa sababu na mimi ninayo mashine kama hiyo. Iko juu ya kabati sebuleni, na tangu iwashwe haijachomolewa.

Nawaandikia wazazi wenzangu. Shule yangu iliishia ya msingi, mambo ya mitambo siyajui, naeleza nilichokiona kwa macho yangu.

Baba yangu alikuwa mnadi wa mashuka sokoni, watu wakamwita Spika. Kisha koo lake likaugua, na madaktari wakasema watalikata, sauti haitarudi. Kabla hajaingia hospitali, binti yangu, ambaye ni fundi wa simu, alikaa naye jioni nyingi akimrekodi. Akamrekodi akituita majina, akisalimia, akigomba, akitania.

"Nirekodi na ninavyokataa uji," baba akamwambia, "maana huo mtaniletea tu."

Sauti zikawa nyingi, simu ya baba ikajaa. Ndipo binti akatoa mashine yake ya gemu ya utotoni, kioo kina ufa, vitufe vingine vimekufa. Akafuta michezo yote, akaweka programu anazozijua yeye, akachomeka memori kadi yenye sauti za babu yake, akaiunganisha na waifai ya nyumbani. Akasema sasa hiyo ni seva. Inakaa macho muda wote, na simu yoyote ya humu ndani ikiomba sauti, inaitoa. Umeme ukikatika haizimi, ina betri yake.

"Si uziweke huko mtandaoni kama wenzako?" nikamuuliza.

"Mama, bando likiisha babu awe bubu?"

Basi baba alipotoka hospitali akapata sauti tena. Anabonyeza simu yake na sauti yake ya zamani inatoka. Asubuhi utasikia, "Nani kamaliza sukari?" hata kama aliyeimaliza ni yeye. Mgeni akikaa sana, baba anambonyezea ule wito wake wa sokoni: "Shuka hili, mgeni akililalia haondoki." Mgeni anacheka, kisha anatafuta viatu vyake.

Sasa mama yangu. Daktari alituambia koo la baba lisipigwe na baridi, na mama ni mfumaji. Alipoelezwa kwamba sauti ya mumewe imo ndani ya mashine ile, akaipima kwa vidole, akaifumia sweta la sufu lenye tundu la kupitisha waya.

"Bibi, hii inataka hewa," binti akamwambia.

"Mke mwenzangu, wewe umeweka sauti, mimi naweka joto. Hili ni koo la mume wangu."

Binti akilivua, mama anasubiri aende kazini, analirudisha. Nikisema neno, naambiwa nikatazame chungu changu.

Tangu siku ya mkaa nikawa kila nikipita naipapasa. Binti akanikuta.

"Mama, unaipima homa?"

"Ina joto."

"Ivue hilo sweta la bibi, itapoa. Na hizo habari za muuza mkaa zina moshi mwingi."

Asubuhi moja nafuta vumbi, nikaigusa, ikayumba. Siku zote ilikuwa inalala chali imetulia. Nikavua sweta. Mgongo wake ulikuwa umetuna kama unga ulioumuka, umeachana na ubavu. Nikachomoa waya, nikaizima, nikampigia binti.

"Usiibonyeze, mama. Usijaribu kuufunga huo mgongo. Iweke juu ya sinia la bati, itoe uani, mbali na nguo na mkaa. Nakuja."

"Na sauti za babu yako, unazo mahali pengine?"

"Ziko humo tu."

Nikaibeba kama mtoto aliyelala. Baba alikuwa uani anaota jua. Akanitazama, akatazama sinia, akatoa simu yake, akabonyeza jina langu. Haikutoka sauti. Akabonyeza tena.

Mama akatoka nyuma yangu. "Mbona umeivua?"

Nikamwambia polepole kwamba betri imevimba kwa joto. Akaliangalia sweta mkononi mwangu. "Kwa hiyo ni mimi," akasema, akakaa kwenye kigoda kando ya baba.

Siku nyingine baba angebonyeza jambo la kumtuliza. Sasa akaushika mkono wake, akauweka shavuni kwake, akasogeza midomo taratibu.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Ananiuliza nani kamaliza sukari." Mama alikuwa anacheka na huku anajifuta macho kwa lile sweta.

Binti alifika na bisibisi zake, akatufukuza sote tusogee mbali. Akaifungua palepale uani, akatoa memori kadi kwanza, akaitia kwenye simu yake. Tulisimama tukimwangalia kidole. Kisha uani kukasikika, "Shuka hili, mgeni akililalia haondoki." Jirani aliyekuwa anaanika nguo akaitika kutoka ng'ambo ya ukuta, "Leo siji kulala, Spika."

Ile betri binti aliipeleka wanakokusanya betri mbovu. Mashine ikapata mpya, na ameipangia isijae chaji mpaka juu. Sasa inakaa juu ya kigae, wazi, na sauti zina nakala mbili, moja iko kwa dada yangu. Mama alifumua lile sweta, akaongeza uzi, akafuma skafu. Baba anaivaa shingoni, kwenye koo lenyewe.

Nyumba iliyoungua sijaijua mpaka leo. Yangu ingeweza kuungua, hilo nalijua.

Ya kuepuka:

Usifunike mashine inayofanya kazi, hata kwa kitambaa chepesi.

Usiiweke karibu na pazia, kitanda wala mkaa.

Usiiache kwenye chaji miezi bila kuitazama mgongo. Ikiyumba mahali ilipokuwa imetulia, chomoa.

Betri iliyovimba usiibonyeze, usiitoboe, usiitupe jalalani.

Usiweke kitu usichoweza kukipata tena mahali pamoja tu.

Usimcheke anayepapasa vitu kuona kama vina joto.

Na usimfokee aliyefunika. Mpe uzi, afume kingine.