Chapa ya Nyar Kano

Karatasi zilikuwa bado na unyevu Seline alipozibandua kwenye wavu na kuzilaza katikati ya magazeti. Alikuwa amezitengeneza mwenyewe kwa gugumaji alilolichemsha, akalitwanga, akalichuja kwa kipande cha neti ya mbu. Ploti nzima pale Nyamasaria ilinuka kinamasi.

"Seline, si uprinti tu kama watu wengine?" jirani yake Lorine alilalamika, pua ameiziba.

"Niprinti wapi? Kompyuta za chuo zimefungiwa tangu fundi afutwe."

Ndivyo ilivyokuwa. Wanafunzi wa usanifu walidaiwa kazi za maonyesho, na mlango wa maabara ulikuwa na kufuli. Mwalimu aliwaambia watumie mikono. Seline alikuwa amejaribu kuchapa kwa majani ya ndizi, magamba ya mbuta, hata nyavu kuukuu zilizopakwa wino. Leo alitaka kujaribu ubavu wa mashua ya marehemu babake.

Mashua hiyo iliitwa Nyar Kano, binti wa Kano, kwa sababu mamake, Dorca, alitoka huko. Babake, Ooko, alichonga jina hilo kwa patasi kisha akalijaza rangi, na Seline mdogo ndiye aliyeshika mkebe. Bado aliikumbuka harufu ya rangi ya mafuta ikichanganyika na ya omena walioanikwa. Babake alirudi nyuma, akafumba jicho moja, akauliza, "Iko sawa, mwalimu?" Naye akajibu iko sawa, ingawa herufi R ilikuwa imelala upande.

Alipofika ufuo wa Dunga alikuta mashua imeshapasuliwa. Mgeni mkubwa alitarajiwa, na ofisi ya ufuo ilikuwa imeamuru kila chombo kisicho na leseni kiondolewe. Kuta za ofisi zilikuwa nyeupe kwa chokaa mpya. Mamake aliketi nyuma ya meza yake ya biashara, kisu mkononi, samaki mbele yake hawajaparwa.

"Baba yako aliomba hiyo leseni," alisema. "Wakamwambia angoje. Amekufa akingoja."

Mbao zilirundikwa kando ya njia. Karani wa ufuo, Wasike, alikuwa akizilinda.

"Hiyo ni mali ya ofisi, madam."

"Sichukui mbao, Bwana Wasike. Nataka picha yake tu."

"Piga haraka. Lori inakuja."

Seline akatoa rola na mkebe wa wino. Wasike alifungua mdomo kusema kitu, simu yake ikalia, akaenda pembeni kuipokea.

Seline aliupaka wino ubao wenye jina, akalaza karatasi juu yake, akaisugua kwa mgongo wa kijiko. Alipoibandua, nyufa zilikuwapo, na matundu ya misumari, na alama za patasi. Lakini jina lilisomeka kinyume, kama kwenye kioo.

Mamake aliinama akaitazama. "Hii si ya baba yako," akasema.

Seline akapaka wino tena. Safari hii alilaza kipande cha nailoni juu ya ubao kwanza, akakisugua, kisha kutoka kwenye nailoni akaihamishia chapa kwenye karatasi. NYAR KANO likatokea sawasawa, na ile R imelala vilevile. Dorca aliigusa kwa kidole.

"Alikuwa anaharakisha," alisema. "Mvua ilikuwa inakuja, na wewe ulikuwa umevaa ile sweta yangu inaburuta chini." Akacheka. Kisha akageuka, akajifuta macho kwa leso.

Lori likaingia kinyumenyume. Seline alikuwa ameshachukua chapa ya mwisho kwenye nailoni wakati vijana walipoanza kurusha mbao ndani, wakisema zinapelekwa kwa hoteli fulani ziwe kuni. Ubao wa jina ulitupwa kama mwingine wowote. Lori likaondoka.

Alitafuta karatasi. Zilikuwa zimekwisha, na wino ulikuwa ukianza kukauka. Akaangalia huku na huku, kisha akavuka njia hadi kwenye ukuta wa ofisi, akaibandika nailoni hapo, akaisugua kwa viganja vyake vyote viwili.

Wasike alirudi mbio, simu bado mkononi.

"Nani ameandika hapa? Nauliza, nani ameandika kwa ukuta ya serikali?"

Wauza samaki wakainamia meza zao. Seline akafungua kinywa, lakini mamake alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi," alisema Dorca. "Hilo ni jina langu."